Bodi Ilipotoka, Kazi Zake Zilibaki: Kisa cha Bagi ya Zamani

Gari lenyewe

Bagi ya kisa hiki, yaani gari dogo jepesi la mchangani, ilijengwa miaka ya 1970 juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle: bodi ya faibaglasi isiyo na milango, viti viwili, matairi mapana, na injini ya kupozwa kwa upepo iliyokaa wazi nyuma. Mtindo huu ulianzishwa na Bruce Meyers huko California mwaka 1964. Bagi zake 12 za kwanza zilikuwa na bodi iliyojibeba yenyewe. Zilizofuata zilikaa juu ya chasisi ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa kwa zaidi ya inchi 14, yaani zaidi ya sentimita 35. Mwaka 1967 Meyers Manx ilishinda mbio za Mexican 1000 katika rasi ya Baja California, na baada ya hapo wajenzi wengi wakaiga umbo lile. Ndiyo sababu bagi nyingi zinazouzwa leo ni nakala, na ni nadra kukuta mbili zinazofanana.

Hii nayo ilikuwa nakala. Chasisi yake ilikuwa ya kabla ya 1966: kingipini na linki pini (pini zinazoshika magurudumu) mbele, ekseli za kubembea nyuma, breki za saketi moja (mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote). Injini ilikuwa ya baadaye, cc 1584, yenye njia mbili za kuingizia hewa kwenye kila kichwa cha silinda, lakini kasha la feni lilikuwa la mtindo wa kabla ya 1971. Umeme ulikuwa umegeuzwa kutoka volti 6 kwenda 12. Mnunuzi alizoea pikipiki na magari ya kawaida, na hakuwahi kumiliki bagi. Alitaka gari la mchangani na la njia za milimani, hakuhitaji gari la maonyesho. Kila kinachoweza kumtambulisha yeye, muuzaji, mafundi au mahali kimeondolewa.

Jambo moja lishikwe tangu hapa, maana linaeleza karibu hitilafu zote zinazofuata. Bodi ya chuma ya Beetle ilipovuliwa, hakuna aliyeuliza ilikuwa ikifanya kazi gani. Ilikaza chasisi isipinde na ikaweka uzito uliohesabiwa juu ya springi. Umeme ulirudi betri kupitia kwayo, na bati zake zilitenga hewa baridi ya feni na hewa moto ya ekzosi. Kazi hizo hazikuondoka pamoja na bodi, ila zilikosa wa kuzifanya.

Ukaguzi kabla ya kununua

Muuzaji aliombwa asiwashe injini kabla ya ukaguzi. Injini baridi inaonyesha mambo ambayo injini moto inayaficha.

Kazi ilianza chini. Namba ya chasisi, iliyopigwa sehemu ya nyuma juu ya uti (boksi la chuma linalopita katikati ya chasisi), ilisomwa na kulinganishwa na hati, zikawiana. Kisha rangi nene ya lami ilikwanguliwa pale chasisi ilipokatwa na kuungwa. Hapa ndipo bagi yoyote iliyofupishwa huonyesha uhodari wa mjenzi wake. Vipimo vya mshazari, kutoka bolti za mbele hadi kwenye nyumba za springi za nyuma, vilitofautiana milimita 4, jambo linalovumilika. Lakini upande wa kushoto wa uti, pembe ya chini ya ungio, palikuwa na ufa mwembamba wa sentimita 3.

Kipimo cha pili kilikuwa cha mchezo wa krankshafti, yaani kiasi inachosogea mbele na nyuma. Puli ya nyuma ilishikwa kwa mikono miwili, ikavutwa na kusukumwa. Ikisikika "tak", kuna neno. Geji ya saa ilisoma milimita 0.19. Kiwango cha injini hii ni 0.07 hadi 0.13, na ukomo wa kuchakaa ni 0.15. Mchezo ukizidi, huenda ni shimu tatu (pete nyembamba za chuma za kujazia nafasi) za nyuma ya flaiwili zimechaguliwa vibaya, na hilo linatibika. Huenda pia beringi ya kwanza imeanza kulegea kwenye kitanda chake, na hapo kasha lote linahitaji kuchongwa upya. Kwa kuvuta puli pekee haiwezekani kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye kila vali, zilipimwa kwa fila geji zikiwa baridi. Saba zilikuwa karibu na milimita 0.15 inayotakiwa. Ya nane, ya vali ya kutolea moshi ya silinda namba 3, haikuwa na nafasi hata kidogo. Injini ilipowashwa na kupashwa moto, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ilipimwa plagi zote nne zikiwa nje na kabureta imefunguliwa hadi mwisho: bar 8.1, 8.0, 5.9 na 7.7. Iliyoanguka ni namba 3 tena, ile ya mbele kushoto. Kwenye kasha la feni la zamani, kipoza oili husimama ndani ya njia ya upepo juu ya silinda hiyo, kwa hiyo ndiyo inayopata hewa kidogo na moto zaidi ya zote. Mafundi wa injini hizi hutazama namba 3 kwanza, na hapa walikuwa sahihi.

Jambo la mwisho liligunduliwa kwa pua. Kava la mpira la shina la gia lilipoinuliwa, harufu ya petroli ilitoka ndani ya uti. Bomba la petroli la Beetle hupita humo. Chasisi ilipofupishwa, bomba lilikatwa na kuungwa kwa kipande cha mpira mahali ambapo mkono haufiki tena.

Mambo mawili hayakukaguliwa: bati za chini ya silinda, na namna upinde wa kinga ulivyofungwa. Yote mawili yalikuja kudai gharama baadaye.

Kwa nini ilinunuliwa hata hivyo

Njia zilikuwa tatu: kuiacha, kuinunua bila injini, au kuinunua nzima kwa bei ya gari ambalo injini yake imekufa. Mnunuzi alichagua ya tatu, na akaweka vipimo mezani mbele ya muuzaji bila mabishano. Sababu zake zilikuwa nzito. Hati zilikuwa safi. Kasha la injini, ambalo ni la aloi ya magnesi (magnesiamu, metali nyepesi), halikuwa na ufa nyuma ya silinda namba 3, mahali linapozoea kupasuka. Vipuri pia havikuwa tatizo, kwa kuwa Beetle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi mwaka 2003. Akatenga akiba ya nusu ya bei ya ununuzi kwa matengenezo. Akiba hiyo ilikwisha kabla injini haijaguswa.

Kusimama, petroli, usukani

Kabla gari halijaondoka uwanjani, saketi moja ya breki ilibadilishwa kuwa mbili kwa masta silinda ya aina iliyoanza mwaka 1967. Saketi moja ikipasuka bomba, breki zote zinakwenda, na kwenye mawe bomba kupasuka ni jambo la kutarajiwa. Mipira minne na silinda ndogo zote zilikuwa mpya. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta iliachwa nafasi ya milimita 1. Bila nafasi hiyo mafuta ya breki hayarudi, na breki hujikaza zenyewe zikipata moto. Hewa ilitolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta.

Kasoro moja haikuisha. Mbele ya bagi ni nyepesi kuliko ya Beetle, kwa hiyo magurudumu ya mbele hujifunga mapema kwenye changarawe. Kupunguza upepo wa matairi ya mbele kulisaidia kiasi. Dereva amelazimika kujifunza kukanyaga polepole.

Bomba la petroli la ndani ya uti lilizibwa pande zote mbili na kuachwa. Jipya la chuma lilipitishwa ndani ya gari kwenye kona ya uti na sakafu, likashikwa kila sentimita 20. Chini ya sakafu mawe yangelipiga. Chujio liliwekwa mbele karibu na tangi. Wengi hulining'iniza juu ya injini karibu na distribyuta, na mpira ukichomoka pale petroli humwagika penye cheche. Kabureta ya 34 PICT-3 ina hatari nyingine inayofahamika: kijibomba cha shaba kinachopokea petroli hupachikwa kwa kukazwa tu, na kwa mtikisiko kinaweza kutoka. Kilitolewa, tundu likachongwa nyuzi, kikawekwa cha kufungwa kwa spana. Kizimamoto cha unga kilifungwa mahali dereva anapofikia akiwa amekaa. Moto wa petroli lazima uzimwe mapema kabla haujashika kasha la magnesi, kwa sababu magnesi ikishawaka, maji yanauongezea nguvu.

Usukani haukuwa na mengi. Linki pini zilikazwa hadi mchezo ukaisha, kisha zikarudishwa moja ya nane ya mzunguko. Ungio la mhimili wa usukani uliofupishwa lilikaguliwa likaonekana zuri. Umeme ulikuwa na ugonjwa mmoja wenye sura nyingi: taa zilififia kila honi ilipolia, na geji zilicheza. Faibaglasi haipitishi umeme. Kila taa na kila geji ilipewa waya wake wa ethi, wa kurudisha umeme, hadi kwenye nati moja iliyosafishwa juu ya chasisi, na mkanda mzito ukaunganisha giaboksi na chasisi.

Klachi ilikuwa nzito na kebo ilikuwa imeshakatika mara mbili kwa muuzaji. Ganda la kebo linapoingia kwenye giaboksi linatakiwa kuwa na mpindo wa milimita 25 hadi 45. Hapa, kwa kuwa kebo ndefu ya Beetle ilitumika kwenye chasisi fupi, ganda lilipinda karibu maradufu ya hapo. Kebo ya urefu sahihi ilimaliza yote, na pedali ikaachiwa mchezo wa milimita 15.

Joto

Kwenye mlima wa kilomita 6 kwa gia ya pili, oili ilifika nyuzi 128 za Selsiasi. Hapa mnunuzi na fundi walitofautiana. Fundi alitaka injini ishushwe itazamwe. Mnunuzi alisoma geji ya oili, akahitimisha kwamba oili ndiyo mgonjwa, akafunga kipoza oili cha pili chenye feni ya umeme.

Mlima uleule ulirudiwa. Oili ilishuka hadi 119, na ikaonekana kazi imekwisha. Fundi aliweka kipimo cha joto chini ya plagi ya namba 3 na kingine chini ya namba 1. Namba 1 ilisoma 186, namba 3 ilisoma 228. Kipoza kipya kilikuwa kinatoa joto kwenye oili, ilhali vichwa vya silinda hupozwa na upepo wa feni. Kipoza kiliituliza geji ambayo dereva anaiona, na kuiacha hatari palepale ambapo haonekani mtu wa kuitazama.

Jaribio la pili lilikuwa taiming, yaani wakati cheche inapotoka. Distribyuta ilikuwa ya aina ya 009, inayosogeza cheche kwa uzito wa ndani bila vakiumu. Mtu fulani aliipanga injini ikiwa inanguruma polepole. Ilipopimwa kwa taa kwenye mizunguko 3500, cheche ilitoka nyuzi 39 kabla ya pistoni kufika juu. Aina hii hupangwa kwa mwisho wa usogezaji wake, kati ya nyuzi 28 na 32. Iliwekwa 30, na namba 3 ikashuka hadi 212. Unafuu ulikuwepo, lakini hautoshi.

Kilichomaliza ubishi ni tapeti. Ile ya kutolea moshi ya namba 3 ilipangwa 0.15. Baada ya kilomita 280 ilipimwa asubuhi injini ikiwa baridi: 0.05. Nafasi ya tapeti ikipanuka, maana yake ni uchakavu wa kawaida. Ikijifunga yenyewe, ama shina la vali linarefuka kwa joto, ama kiti cha vali kinazama ndani ya kichwa. Vali inayorefuka hukatika, na kichwa chake kikidondokea pistoni injini imekwisha. Gari lilisimamishwa siku hiyohiyo.

Injini inafunguliwa

Kushusha injini ya Beetle si kazi kubwa: nati na bolti nne zinazoishika kwenye giaboksi, kebo ya mafuta, mpira wa petroli, nyaya chache, na jeki imara. Kwenye bagi huchukua chini ya saa moja. Wepesi huo ulipaswa kuwa sababu ya kuishusha mapema.

Chini ya kasha la feni palikuwa na mambo manne, na kila moja peke yake lingetosha kupandisha joto.

Bati ndogo za chini ya silinda, zinazoubana upepo uzunguke hadi mapezi (bati nyembamba za kupozea silinda) ya upande wa chini, hazikuwepo pande zote mbili. Bila hizo upepo hushuka moja kwa moja, na nusu ya chini ya silinda haiguswi. Ni vipande vidogo vinavyoonekana kama takataka kwa asiyevijua, ndiyo maana hupotea kila injini inapofunguliwa.

Matundu mawili ya kasha la feni, yaliyokuwa yakipeleka hewa kwenye hita ya Beetle, yaliachwa wazi. Hita ilitupwa pamoja na bodi, na hakuna aliyeyaziba. Sehemu ya upepo wa feni ilikuwa ikipotelea hapo kabla ya kufika kwenye silinda.

Mipira ya kuzunguka waya za plagi haikuwepo, na matundu yale nayo yalivujisha upepo.

La nne lilikuwa tope gumu. Mirija ya fimbo za vali ilivuja oili, oili ikashika mchanga, na mapezi kati ya namba 3 na 4 yakazibwa kabisa. Kwenye Beetle, bati za chumba cha injini huzuia vumbi la barabarani lisifike huko kirahisi. Bagi haina chumba cha injini, na tundu la kuvutia hewa la feni linaangalia viti, katikati ya vumbi linalorushwa na magurudumu.

Shina la vali ya namba 3 lilikuwa limerefuka na kuwa jembamba karibu na kichwa chake. Vichwa vyote viwili vilibadilishwa. Silinda zilipimwa zikabaki, ringi zikawa mpya. Mirija ya fimbo za vali ilivutwa hadi urefu wa milimita 190 kabla ya kufungwa, mshono ukitazama juu. Isipovutwa haibani mipira yake na kuvuja kunarudi. Nati za vichwa, kwa stadi (nondo zenye nyuzi) za milimita 10, zilikazwa kwa hatua hadi Nm (nyutonimita) 31. Asizidishe mtu hapo. Magnesi ni laini, na stadi ikivuta nyuzi zake kutoka kwenye kasha itabidi tundu lichimbwe na kuwekewa nyuzi za chuma.

Zamu ya mchezo wa krankshafti ilipofika, zilikutwa shimu mbili badala ya tatu. Hesabu yake ni nyepesi. Flaiwili hufungwa na shimu mbili tu bila sili ya oili, mchezo unapimwa, kisha inatolewa 0.10 unayotaka ibaki. Hapa, kwa shimu mbili nyembamba kuliko zilizokutwa, geji ilisoma 0.44, ikabaki 0.34, na shimu ya 0.34 ipo miongoni mwa zinazotengenezwa. Mchezo wa mwisho ulikuwa 0.10. Nati kubwa ya flaiwili, spana ya 36, ilikazwa hadi Nm 343. Kasha lilipona, na hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote katika kisa hiki.

Kasha la feni lilibadilishwa na la mtindo ulioanza 1971, ambalo huondoa kipoza oili kwenye njia ya upepo wa namba 3. Matundu ya hita yalizibwa kwa vifuniko vya bati, bati za chini zikarudi, na tundu la feni likawekewa wavu wa matundu mapana. Kipoza cha ziada kilitolewa, kwa kuwa mipira yake mirefu ilikuwa sehemu mpya za kuvuja bila faida iliyobaki. Mlima uleule ulipandwa tena katika hali ya hewa inayofanana: oili 104, namba 3 nyuzi 189, namba 1 nyuzi 181.

Nyuma iliyoinuka

Bagi ilikuwa imesimama juu kwa nyuma, magurudumu yakiwa yamejikunja kuelekea ndani kwa chini. Wengi huipenda sura hiyo. Ni hatari. Ekseli za kubembea hujikunja penye giaboksi pekee, na kwenye kona kali gurudumu la nje linaweza kujikunja chini ya gari na kulipindua.

Springi za nyuma za Beetle ni nondo zinazojisokota, na ziliwekwa kwa pembe ya kubeba bodi nzito. Nondo hizo zina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni nyuzi 8 na dakika 10. Ukizungusha ndani jino moja upande mmoja na nje jino moja upande wa pili, pembe hubadilika dakika 50 tu, na kwa hiyo urefu wa gari hupangwa kwa usahihi mkubwa. Kila upande ulipimwa pembe yake kwa geji kabla ya kufunguliwa na kushushwa sawa, ili gari lisilale. Mikanda ya kuzuia ekseli zisishuke kupita kiasi iliongezwa. Mbele, majani kadhaa ya springi yalitolewa ili kulainisha, na vipande vifupi vya majani hayohayo vikarudishwa katikati na mwishoni ili fungu lisicheze ndani ya matundu yake.

Ufa uliorudi

Ufa wa chasisi ulichomelewa wiki ya kwanza, juujuu, bodi ikiwa imefungwa. Baada ya kilomita 700 ulirudi, urefu wa sentimita 5. Sababu inajulikana kwa kila anayechomelea: mshono mpya uliwekwa juu ya chuma kilichokwisha kuchoka, na nguvu iliyokipasua haikupunguzwa.

Mara ya pili bodi ilitolewa. Chasisi ilisawazishwa juu ya stendi nne, ikapimwa mshazari, ikafungwa nondo za muda isijikunje. Tangi lilitolewa nje ya karakana. Ncha za ufa zilitobolewa, chuma kilichochoka kikakatwa, na bati za milimita 3 zikawekwa pande zote mbili za uti zikivuka ungio la zamani. Ncha zake zilikatwa kwa mshazari: bati lenye ncha ya mraba huhamishia ufa kwenye ukingo wake. Uchomeleaji ulikwenda kwa vipande vifupi, huku na huku, chuma kipoe.

Bodi ilipokuwa juu ndipo upinde wa kinga ulipoonekana umefungwa kwenye faibaglasi pekee. Gari lingepinduka, bolti zingeng'oka na vipande vya bodi. Ulihamishiwa kwenye chasisi kwa miguu yenye bati za kutandaza nguvu, na mikanda ya viti vilevile. Gari lilikuwa limeendeshwa kilomita 700 milimani katika hali hiyo.

Matokeo

Miezi 14 baada ya ununuzi bagi ilikuwa imetembea kilomita 4,100, karibu zote mchangani na milimani. Kompresheni ilisoma kati ya bar 8.2 na 8.5 kwenye silinda zote. Tapeti ya namba 3 haijajifunga tena. Ufa haujarudi. Gharama za matengenezo zilipita bei ya kununulia, na mnunuzi anasema angenunua tena, ila kwa mpangilio mwingine wa kazi.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kupima kabla ya kuwasha. Vipimo vilivyochukua muda wa saa tatu vilionyesha namba 3, krankshafti, ufa na bomba la petroli. Bei ikashuka kwa ushahidi, na muuzaji hakuona amedhulumiwa. Kutanguliza breki na petroli pia kulikuwa sahihi, ingawa hakuonekani kwenye kipimo chochote.

Kosa la kwanza ni mpangilio. Bodi ingetolewa mwanzoni, chasisi, upinde, bomba na nyaya zingefanywa kwa pamoja, mara moja. Badala yake bomba jipya lililofungwa vizuri lilifunguliwa tena kwa ajili ya kuchomelea. Mnunuzi alitaka kuendesha haraka, na kiu hiyo inaeleweka, lakini bagi ambayo ungio la chasisi yake halijaonekana pande zote haistahili kupelekwa mlimani.

Kosa la pili, na kubwa zaidi, ni kipoza oili. Kuongeza kipuri kulionekana rahisi kuliko kutafuta kilichopungua. Kwenye bagi swali la kwanza la joto ni kama upepo wa feni unafika kwenye mapezi au unapotea njiani, na jibu lake liko chini ya bati. Tapeti ya namba 3 ilikuwa imeshasema tangu siku ya ununuzi. Ilipangwa upya bila kuulizwa kwa nini ilijifunga, na kilomita 280 zilizofuata ziliendeshwa juu ya vali iliyokuwa ikikatika polepole.

Uamuzi wa kununua wenyewe una utata. Shimu mbili badala ya tatu ni jambo la bahati. Kama beringi ya kwanza ingekuwa imelegea, gharama ingeongezeka kwa injini nzima. Mnunuzi alilinda nafsi yake kwa kulipa bei ya injini iliyokufa. Bila punguzo hilo, kipimo cha 0.19 kilikuwa sababu tosha ya kuondoka.

Matunzo yanayoendelea

Oili, SAE 30 lita 2.5, hubadilishwa kila kilomita 2,000 badala ya 5,000 za Beetle ya barabarani, kwa kuwa injini hii ina wavu tu na haina chujio la kweli. Nati sita za M6 za kava la wavu hukazwa Nm 7 pekee. Stadi zake hung'oka kwa mkono mzito. Tapeti hupimwa siku hiyohiyo baada ya injini kulala usiku kucha, na namba zinaandikwa daftarini ili ionekane ipi inajifunga. Fenbeti, yaani mkanda wa feni, ikibonyezwa kwa kidole gumba inashuka milimita 15.

Baada ya kuvuka maji, ngoma za breki hufunguliwa, na oili ya giaboksi huangaliwa: ikiwa na rangi ya maziwa inabadilishwa yote, SAE 90, lita 2.5. Mipira ya ekseli za kubembea hukaguliwa mikunjo yake, maana ikipasuka hutoa oili na kuingiza mchanga mahali pamoja. Linki pini na mihimili ya mbele hupigwa grisi hadi grisi chafu itoke yote. Chujio la hewa husafishwa kila safari ya vumbi.

Kila kilomita 4,000 kasha la feni huinuliwa na mapezi hutazamwa kwa tochi, hasa kati ya namba 3 na 4. Mara ya kwanza ilipofanyika, palikutwa manyoya ya kitambaa cha kufutia mikono yaliyopita kwenye wavu. Tangu hapo vitambaa havihifadhiwi nyuma ya viti.